Kesi ya Mbwa Mfupi

Mbwa wangu mfupi aliwahi kushtakiwa kwa kuua. Sisemi kwa mafumbo. Aliitwa barazani siku ya Jumamosi, watu wakakaa kwenye viti vya plastiki, mzee wa kijiji akakohoa mara tatu jinsi anavyokohoa akitaka aonekane ni serikali, na mimi mwenye mbwa nikaambiwa kwamba kesi ikinielemea nitamuua mwenyewe kabla jua halijatua. Huo ndio utaratibu wa kwetu, hapa kusini mwa mji wa Kakamega, njia ya kwenda Malinya. Mbwa akila kuku wa mtu, mwenye kuku hamgusi mbwa. Mwenye mbwa ndiye anayeifanya kazi hiyo, na majirani huja kuhakikisha ameifanya, halafu hukaribishwa chai.

Lakini ngoja kwanza nikujulishe mshtakiwa, maana watu walimhukumu bila kumjua.

Nilipewa na mwalimu mwenzangu kule Sigalagala, ninakofundisha ufundi wa mabomba. Aliniambia ni mbwa wa kizungu, atakua awatishe wezi hadi wahame kaunti. Alinidanganya bila haya yoyote. Mbwa alikua, ndiyo, lakini alikua kwenda mbele na kwenda nyuma tu. Kwenda juu alikataa. Miguu ilibaki ile ile aliyokuja nayo akiwa wa wiki sita. Akipita nyasini asubuhi, tumbo lake linarudi limeloa umande. Vijana wa bodaboda pale stegini huniuliza, "Mwalimu, hiyo mbwa yako imesimama ama iko ndani ya shimo?" Siwajibu. Mtu anayeendesha pikipiki ambayo taa yake imefungwa kwa mpira wa tyubu hana haki ya kumcheka mtu.

Jina lake silitaji hapa. Alipewa na mama yangu, na kwetu mtu akimpa mbwa jina huwa ana jambo la kumwambia jirani. Mama alikuwa na jambo. Kila nikimwita mbwa kwa sauti, ujumbe ulivuka ua na kumfikia mama wa upande wa pili, ambaye mama aligombania naye uenyekiti wa kina mama kanisani miaka kadhaa iliyopita na mama yangu akashindwa. Nimejaribu kumwita kwa mluzi ili amani ipatikane. Haji kwa mluzi. Ni lazima atajwe jina kamili, kwa sauti, mara mbili.

Nyumbani kuna mbwa mwingine, jike mzee wa rangi ya manjano ambaye alikuja na mizigo ya mke wangu tulipooana. Mke wangu anafanya kazi Eldoret na huja mwisho wa mwezi, na siku hiyo jike huyu humlaki kwa machozi na mikojo, kisha hunigeukia mimi na kuniangalia kama fundi aliyechelewa kumaliza kazi. Hana jino hata moja. Anakula ugali ulioloweshwa kwenye mchuzi na kulala. Jumapili huenda kanisani peke yake, hulala mlangoni wakati wa mahubiri, na sadaka ikitangazwa tu huondoka. Sijui alifundishwa na nani, lakini namheshimu.

Yule mfupi kanisa halimhusu. Yeye ni mtu wa matanga. Ngoma za isukuti zikianza kulia ng'ambo ya bonde, huinua sikio moja, husikiliza mpaka apate uhakika ni upande gani, kisha huondoka bila kuaga. Baada ya siku mbili hurudi na tumbo limejaa, analala chini ya gari la mkono, haongei na mtu. Wakati mmoja alirudi na kwato nzima ya ng'ombe kutoka matanga ya mzee ambaye mimi na yeye hatukuwa tukisalimiana. Wiki hiyo yote nilisikia watu wakisema kwamba mwalimu alikataa kuhudhuria lakini alituma mwakilishi, na mwakilishi alikula vizuri.

Msimu wa avokado ndio usiseme. Mbwa wa kwetu wote hunenepa na kung'aa, lakini huyu hufikia mahali pa aibu. Tumbo likigusa chini hulazimika kuruka vizingiti kwa awamu mbili, mbele kwanza, halafu anapumzika, halafu nyuma. Pia huiba viatu. Haibi jozi, huiba kimoja, na hakitafuni wala hakifichi, hukibeba tu na kukiweka katikati ya shamba la mahindi, mahali ambapo mtu akikiona ataanza kuuliza maswali. Nimewahi kuingia darasani na kiatu cheusi cha kushoto na cha kahawia cha kulia. Wanafunzi walidhani ni fasheni.

Nilimpenda. Naliandika hili wazi kwa sababu mwanamume wa hapa akisema anampenda mbwa, watu humwangalia vibaya, na mtu wa kwanza kuniangalia vibaya alikuwa mama yangu.

Mama anaishi katika nyumba kubwa ya boma letu, ile aliyojenga na baba. Mimi nina yangu pembeni, kama mwana yeyote aliyeoa. Baba alifariki miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia. Tangu hapo mama amekuwa ndiye sheria, na katiba yake ilikuwa fupi: mbwa ni wa nje, mtu ni wa ndani, na anayechanganya hayo mawili hakulelewa. Mbwa akikaribia mlango wake, mwiko ulitangulia kutoka. Aliwahi kumsema mkamwana wa yule jirani mbele ya kina mama wote kanisani, kwa sababu alionekana amepakata mtoto wa mbwa jikoni. Alisema nyumba ambayo mbwa anaingia ni nyumba ambayo Nyasaye, Mungu mwenyewe, anatoka. Yule binti alilia, na mama akarudi nyumbani akila ndizi, ameridhika kabisa.

Sasa tuje kwenye kuku.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea. Kwetu mvua haibahatishi. Saa tisa alasiri wingu linatoka upande wa msitu, saa tisa na nusu ngurumo zinaanza kutikisa mabati, na siku hiyo ilikuja na mawe. Mimi nilikuwa Sigalagala nimejibanza kwenye karakana na wanafunzi. Jirani alikuwa amekimbia sokoni muda mfupi kabla ya tone la kwanza, naye akajibanza huko. Aliporudi, mvua imeisha, akakuta kiota kimevunjwa, mayai yamepasuka, na mtetea wake wa madoadoa hayupo. Manyoya yalikuwa yametapakaa kutoka kwenye banda hadi kwenye ua wetu, na pale uani kuna tundu. Tundu lenyewe lilikuwa la chini sana. Mbwa wa kawaida hawezi kupita. Katika kijiji kizima kulikuwa na mbwa mmoja tu ambaye tundu lile lilimtosha kama alipimiwa.

Na huyo mtetea hakuwa kuku wa hivi hivi. Alikuwa amewekewa wakwe. Binti wa jirani alikuwa anatarajia wageni wa mahari Jumapili ya wiki hiyo, na kwetu unaweza kuwapa wakwe ng'ombe mzima, lakini kama ingokho, kuku wa nyumbani, haikufika mezani, watarudi kwao wakisema hawakula kitu. Kuku wa kununua sokoni haonekani ni heshima. Anatakiwa aliyelelewa hapo hapo nyumbani, mwenye umri na mafuta.

Nilipofika jioni nilimkuta jirani amesimama kwenye lango langu, ameshika bawa moja kwa vidole viwili.

"Mwalimu," akasema. "Hujambo."

"Sijambo, mama. Karibu."

"Sikaribii. Nimekuja kukuonyesha tu." Akaniinulia lile bawa. "Hii ndiyo imebaki. Ingine iko ndani ya mbwa yako."

Mbwa mwenyewe alikuja akitikisa mkia, akamnusa miguu, akapiga chafya. Nikamwinamia kumkagua mdomo. Hakuna damu, hakuna unyoya. Nikampapasa mgongoni. Alikuwa mkavu kabisa, na joto kidogo, wakati hata mimi niliyetembea hatua mia kutoka stegini nilikuwa na matope hadi magotini. Nikamwambia jirani, "Mama, huyu hakunyeshewa. Angekuwa huko nje na mvua ile, angekuwa ametota."

"Amejikausha."

"Kwa taulo?"

Hakucheka. Alisema baraza ni Jumamosi asubuhi, kwake, na mzee wa kijiji ameshaambiwa. Kisha akaondoka na bawa lake.

Usiku huo na siku iliyofuata sikufanya la maana. Nilifikiria kumtorosha mbwa hadi Mumias kwa shemeji yangu anayelima miwa, nikaambiwa kutorosha ni kukiri. Nilifikiria kumwomba daktari wa mifugo amdunge sindano ili asiumie, halafu nikajichukia kwa kulifikiria. Wakati huo wote mshtakiwa alikuwa kwenye kibaraza amelala chali, miguu minne ikielekea mbinguni, anakoroma. Nilikaa karibu naye na sahani ya chakula nikashindwa kula, na yeye akaamka, akala, akalala tena.

Ijumaa nilikwenda kwa mama kunywa chai, nikitumaini angalau ataniambia pole. Alikuwa anachambua mrenda sebuleni, anatupa mabua kwenye beseni kwa nguvu.

"Mama, kesho wakiniambia nimuue?"

"Si ni mbwa."

"Basi tu?"

"Unataka niseme nini? Ni mbwa. Kuna wengine." Akachukua beseni na kuingia jikoni. Baadaye nikasikia harufu ya ugali unaoungua, na mama yangu hajaunguza ugali tangu nimjue. Nilidhani ni hasira za kugombana na jirani. Nikaondoka bila kumaliza chai, nikimwona mama kuwa mtu mgumu kupita kiasi, na nikamsema moyoni maneno ambayo sitayaandika.

Jumamosi tulikusanyika kwa jirani, chini ya hema aliloazima kwenye matanga ya wiki iliyopita kwa ajili ya wakwe, ambalo wenyewe walikuwa bado hawajalichukua. Walikuja watu kama ishirini. Wengine hawakuwa na kuku wala mbwa, walikuja kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Mama alikaa mstari wa mbele na leso ya kanisani, mkoba magotini, hamtazami mtu. Mzee wa kijiji aliletewa chai kwanza, akalalamika kwamba sukari haijakolea, akaongezewa, kisha ndipo sheria ikaanza.

Jirani akaeleza. Alieleza vizuri, lazima niseme. Alionyesha bawa, akaonyesha tundu, akamwambia mzee alale chini apime mwenyewe. Mzee akasema hana haja ya kulala chini, macho yake yanafanya kazi.

Yule jike mzee aliletwa naye, kwa sababu haki ni lazima itendeke kwa wote. Mzee akamfungua mdomo, akachungulia, akaona ufizi mtupu wa waridi, akamfunga. "Huyu aende nyumbani," akasema. Jike hakwenda nyumbani. Alikwenda kulala karibu na sufuria ya mandazi.

Kisha ukaja mtihani. Mzee huyu ana mtihani wake ambao sijauona kwingine, na nina hakika aliutunga mwenyewe. Huagiza kuku aletwe akiwa hai, amfungue mbele ya mbwa, aangalie mbwa atafanya nini. Akimrukia, ana hatia. Wakamleta mtetea mweusi mwenye hasira, wakamwachilia. Mtetea akatembea moja kwa moja hadi kwa mbwa wangu, akamtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa jicho lingine, halafu akamdonoa puani. Mbwa wangu akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo, akarudi nyuma mpaka katikati ya miguu yangu, na akanikojolea kiatu. Watu walicheka hadi kiti kimoja kikavunjika.

Nikasema, "Mzee, umeona mwenyewe. Huyu anaogopa kuku."

Mzee akakohoa. "Anaogopa kwa sababu anajua alichofanya. Dhamiri inamsumbua."

Sasa wewe niambie, mtihani ambao mbwa akiruka ana hatia na asiporuka ana hatia, huo ni mtihani gani. Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa heshima kidogo zaidi. Akaniambia nisimfundishe kazi, mimi nifundishe mabomba.

Nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikasema mvua ilinyesha tangu saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja, mawe yakianguka, na kuku aliuawa ndani ya saa hizo, na jirani mwenyewe ni shahidi kwamba nilimpapasa mbwa mbele yake na alikuwa mkavu. Mbwa mkavu hakuwa nje.

Watu wakanong'ona. Niliona nimewagusa. Hata jirani alikunja uso akikumbuka. Lakini mzee akaweka kikombe chini.

"Sawa," akasema. "Kama hakuwa nje, alikuwa wapi?"

"Mahali penye paa."

"Wapi? Nyumba yako ilikuwa wazi?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Banda la ng'ombe?"

Banda letu la ng'ombe lilikuwa limeezuliwa na upepo tangu Februari, na kila mtu pale alijua, kwa sababu nilikuwa nimewaomba wote mabati.

"Basi imebaki nyumba moja," mzee akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kwa mama yako."

Hema zima likacheka tena. Kina mama wa kanisani ndio waliocheka zaidi, na yule mkamwana aliyewahi kusemwa alicheka huku ameshika mdomo. Mbwa ndani ya nyumba ya mama yangu. Hata mimi nilitabasamu, kwa uchungu. Mzee akangoja kicheko kiishe, akajinyoosha, akaanza kusema kwamba kwa hivyo baraza limeridhika, na mwalimu ana muda hadi jua likitua.

Mama akasimama.

"Alikuwa kwangu," akasema.

Mzee hakumsikia vizuri, au alijifanya. "Unasema nini, mama?"

"Nimesema mbwa alikuwa kwangu. Alhamisi. Tangu tone la kwanza mpaka mvua ikaisha."

"Kwako jikoni?"

"Chumbani."

Mzee akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kushika. "Chini ya kitanda," akasema, akimsaidia.

"Juu."

"Juu ya kitanda, mama?" Huyo alikuwa jirani, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndani ya blanketi," mama akasema. "Kwa vile mmetaka kujua, ni ndani ya blanketi, na kichwa chake kwa mto. Na hiyo si Alhamisi peke yake. Wingu likikuja tu, anakujanga. Anapitia mlango wa nyuma. Namwachianga wazi."

Nilikuwa nimeshika kamba ya mbwa na sikujua niitazame kamba au nimtazame mama. Alikuwa amesimama wima, mkoba ameukumbatia kifuani, na leso yake ya kanisani ilikuwa imeteleza upande mmoja, hakuirudisha.

Mzee akajaribu kumalizia kwa heshima. "Kwa hivyo mbwa anaogopa radi. Sawa. Wanyama wengi—"

"Si mbwa anaogopa," mama akasema. "Mimi ndiye naogopa. Toka nikiwa msichana. Mume wangu alikuwa ananishikanga mkono mpaka iishe, miaka yote hiyo, na hakuwahi kumwambia mtu. Sasa hayuko. Huyu anakuja analala hapa," akagusa tumbo lake, "namshika sikio. Anakoroma. Nikisikia anakoroma sisikii ile ingine. Kama mnataka kumuua, mumuue, lakini kuku hajakula. Na nilimsema binti ya watu hapa kanisani juu ya mbwa, na mimi nikiwa hivyo hivyo. Binti, unisamehe."

Kisha akakaa.

Jike mzee alikuwa anatafuna andazi kwa ufizi, na hema zima tulimsikia. Mzee wa kijiji alifungua mdomo akaufunga. Nadhani alikuwa anataka kuuliza kama kuna shahidi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, lakini jirani alimtangulia.

"Mzee, funga kesi," akasema. "Mama wa watu hawezi kujivua nguo hivi mbele yangu mimi kwa sababu ya uongo. Mimi namjua. Angeacha mbwa kumi wafe kwanza." Akalitupa lile bawa kwenye nyasi. "Labda ni nguchiro. Wako wengi huko bondeni."

Kesi ikafungwa. Mpaka leo sijui nani alimla kuku yule, na sitaki kujua. Saa sita mchana mama aliniita, akanipa jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa akimwekea Krismasi, akaniambia nimpeleke ng'ambo ya ua kwa ajili ya wakwe na nisiseme lolote, nimwache tu. Nikampeleka. Jirani akampokea, akampima uzito kwa mkono, akasema, "Mwambie asante." Tangu hapo wanasalimiana, si kwa kupenda sana, lakini wanasalimiana.

Ila tukirudi nyumbani kutoka barazani, kabla ya jogoo, mama alitembea mbele na mbwa, mimi nyuma. Ni lazima nieleze jambo hapa kwa mtu asiye wa kwetu. Mwanamume akishatahiriwa haingii tena chumba cha kulala cha mama yake. Mimi mara ya mwisho kukiona kile chumba nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nimekaa sebuleni kwake maelfu ya jioni, nimekunywa chai yake, nimemlalamikia mishahara na mgongo, na pazia lile la maua mlangoni nimeliona ni ukuta. Nimekuwa nikimtafuta mbwa kila mvua ikinyesha, nikimwita kwa lile jina lake lote, nikimtukana kwamba ametoroka kwenda matangani. Na hatua arobaini kutoka mlango wangu, mama alikuwa amelala na blanketi kichwani. Kwa miaka mitatu. Ningeapa mbele ya baraza lile kwamba mama yangu haogopi kitu chini ya jua, na ningeapa nikiwa na uhakika kabisa. Niliona aibu ambayo bado sijaimaliza.

Nikamwambia, "Mama, si ungeniambia."

Hakugeuka. "Ningekuambia ungefanya nini? Ungekuja kitandani unishike sikio?"

Nikapita mbele kumfungulia lango.

Saa tisa siku hiyo hiyo wingu lilitoka upande wa msitu. Nilikuwa kibarazani kwangu na mbwa amelala kwenye miguu yangu. Kabla hata sijasikia kitu, akaamka, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akashuka ngazi kwa awamu mbili, akaelekea kwa mama bila kuniangalia. Tone la kwanza lilipoanguka nikainuka na mimi. Nilipitia mlango wa mbele, kama mtu mwenye adabu, nikakaa sebuleni kwenye kiti kilicho karibu na pazia. Upande wa pili nilisikia kitanda kikilia na mbwa akipanda kwa shida.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni mimi."

"Unataka nini?"

"Kwangu kunavuja."

Kulikuwa hakuvuji, na yeye alijua, kwa sababu ndiye aliyesimamia mafundi wakiezeka. Radi ya kwanza ikapiga, ile ya karibu inayofanya vikombe vigongane kabatini, na nikasikia pumzi yake ikikatika, jambo ambalo katika miaka yangu arobaini na moja sijawahi kulisikia.

"Basi ongea," akasema kutoka nyuma ya pazia. "Ongea chochote. Usinyamaze."

Nikaongea mpaka mvua ikaisha.